Filimbi ya Chumba cha Kuchekechea

Mnisamehe, hadithi hii nitaisimulia vibaya. Nitakatiza pale inapoanza kunoga, na mwisho wa sentensi nyingine nitaumeza. Anayetaka msimulizi bora akamtafute. Mimi nimewahi kiti.

Ilikuwa mwaka wa 1971, kwenye kambi ya kiwanda kimoja cha chai nje ya mji wa Kericho. Kemuma alitua sufuria chini, akatega sikio.

"Baba Drusilla, nani anapiga filimbi?"

Onsongo, mumewe, alifunga mdomo kuonyesha si yeye. Filimbi ikaendelea.

Ilikuwa nyembamba, kama ya mtu anayemwita mbwa wake kutoka mbali, na kila jioni ilisogea, ikaingia ndani, ikapanda kitandani, ikamkalia Onsongo kifuani ikinuka chai kavu, ikambana mbavu hata akang'ang'ania dirisha akiomba hewa kama anayeomba chumvi kwa jirani mchoyo, huku mkewe akimshika mgongo na kunong'ona, "Limeingia, Yesu wangu, limeingia."

Kambi nzima ililijua: jini la chumba cha kuchekechea, kule vumbi la chai linakoelea kama moshi. Gichana, aliyeshika chekeche kabla ya Onsongo, lilimrudisha Kisii kwa machela. Wazee wa kanisa wakaja kulikemea. Waliimba, likaimba nao, sauti ya tatu.

"Nenda kwenu upumzike," alisema msimamizi, Kipkorir. "Lakini mgonjwa hakai nyumba ya kampuni. Utaacha funguo."

"Sitoki!" Onsongo alihema. "Wa kuhama ni hilo jini. Mimi nina mke na mtoto. Lenyewe lina nani?"

Akaenda mjini kwa Daktari Okeyo.

"Ukienda likizo linakufuata?"

"Hapana. Likizo nalala kama gunia."

"Na siku ya mapumziko?"

"Linapoa kidogo, daktari. Nikirudi kazini, nalo linarudi."

Okeyo akacheka. "Jini lako limeajiriwa. Twende kazini kwake."

Asubuhi, mlangoni pa kiwanda, mbele ya Kipkorir, daktari alimwekea Onsongo mpira wa kusikilizia kifua. Kimya. Akamtuma ndani achekeche. Alipotoka, midomo yake ilikuwa rangi ya majivu, na Okeyo akamvalisha Kipkorir ule mpira masikioni. Kipkorir aliruka nyuma kama aliyeumwa na siafu.

"Umelisikia?" Onsongo alisema, akishikilia ukuta. "Ni vumbi lako, mzee. Kifua changu kimelikataa. Nipe kikapu nikachume majani huko nje, na nyumba nakaa. Ama niite kambi yote ije isikilize?"

Alipewa kikapu. Nyumba ya Kemuma ikanyamaza.

Lakini filimbi haikwenda mbali. Chekeche halikai bila mtu, na pale kambini palikuwa na bwege mmoja, mdomo mpana kama mlango wa kanisa, aliyejipiga kifua mbele ya watu: "Jini gani? Nipeni mimi hiyo kazi!" Okeyo alimwonya. Bwege akamchekesha daktari mpaka onyo lenyewe likasahaulika.

Sasa mnajua kwa nini nakatiza. Hiyo mnayoisikia kila nikivuta pumzi si upepo mlangoni. Wenzangu jini liliwavamia. Mimi nililiomba kazi.