Mgeni wa Safari ya Tanga

Gari lilinukia kikuba. Fadhiya alifungua mlango wa nyuma kwa ufunguo wa akiba ili apime pa kuweka mabegi, na harufu ya asumini na rihani ikamjia usoni, mbichi kabisa, kana kwamba mwanamke aliyejipamba kwa harusi ameshuka sasa hivi. Akaweka mkono juu ya kiti. Kilikuwa na joto, na gari lenyewe lilikuwa limelala kivulini tangu jana, limefungwa.

Mtaa mzima wa Kibokoni, Mombasa, hakuna mwanamume anayeshindwa na manukato kama Zein, mumewe Fadhiya. Udi ukichomwa hupiga chafya mpaka majirani wamwombee dua. Kwa hivyo Fadhiya hakuwaza majini wala mashetani. Aliwaza kile ambacho mke yeyote mwenye akili zake angewaza: mwanamke mwingine.

Safari ilikuwa yake, yeye ndiye aliyeiomba. Mamake, Bi Mwanakhamis, aliishi peke yake Tanga, mtaa wa Chumbageni, na macho yalikuwa yakimwishia; siku hizi alimjua mtu kwa sauti tu. Fadhiya alitaka kwenda kumchukua aje aishi nao kabla giza halijamfunika kabisa. Zein ndiye aliyeipamba safari hiyo ikawa matembezi. Walale Shimoni wale samaki, asubuhi wavuke mpaka Lunga Lunga, wakae Tanga kidogo, kisha wateremke na mama wakiifuata bahari, Pangani, Bagamoyo, mpaka Dar, ndipo warudi nyumbani. Zein alifanya kazi katika kampuni ya malori huko Shimanzi, na mambo ya mpakani hayakumpa tabu. Bima, vibali, kadi za homa ya manjano, vyote vilikuwa tayari. Mume akiwa tayari kiasi hicho, Fadhiya sasa alijiambia, ana jambo lake.

Akaanza kumchunguza. Zein alipoingia kuoga aliichukua simu yake, akasikiliza ujumbe wa sauti aliomtumia mwenye nyumba ya wageni kule Pangani. "Vyumba viwe vitatu," sauti ya Zein ilisema. "Mimi na mke wangu, mama mkwe, na yule bibi mwingine." Fadhiya aliusikiliza tena, kisha akairudisha simu mahali pake.

Alimngoja mpaka wakaketi mkekani kula.

"Zein, huyo bibi mwingine ni nani?"

Zein aliliweka tonge chini. "Wewe ndiye waniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe. Umemwekea chumba Pangani."

"Nimemwekea kwa ajili yako. Ningefanyaje? Umemwalika mtu safari yetu, hata hukunambia, nami nikanyamaza nisije nikakuaibisha." Alikuwa ameumia kweli, ilionekana usoni. "Shoga yako huyo. Ambaye mwapiga gumzo naye huko juu kila alasiri nirudipo kazini."

"Mimi sina mtu huko juu."

"Nawasikia, Fadhiya. Mwacheka."

Alasiri Fadhiya hulala, tena chumba cha chini, kwa sababu ya joto. Akamsogelea mumewe. "Umemuona?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni mke wa watu, nimwangalie vipi? Nimeona ncha ya buibui ikipanda ngazi nikainamisha macho. Jana aliniomba ufunguo wa gari akajaribu kiti. Nikampitishia chini ya pazia."

Papo hapo, juu ya vichwa vyao, kitu kilikuwa kikiburutwa polepole sakafuni, kikisimama, kikiburutwa tena, kama mtu anayesogeza mzigo wake karibu na mlango. Zein alipanda akisoma Ayatul Kursi kwa sauti ya kukatika. Alikuta chumba kitupu, ufunguo wa gari juu ya mto, na kitanda kina bonde pale mtu alipokuwa ameketi. Kilinukia kikuba, na chini ya kikuba kulikuwa na harufu nyingine, ya mwani uliotupwa juani ukaoza.

Hapo ndipo siku ya kwanza ya matayarisho ya safari ilipomrudia Fadhiya. Alikuwa uani amekalia mbuzi anakuna nazi, mgongo ameupa mlango, na sauti ya kike ikapiga hodi ikauliza, "Mwasafiri?" Alidhani ni jirani yake Mahira. Akajibu bila kugeuka, mikono imejaa nazi: "Twaenda Tanga kwa mama, Chumbageni, mkabala na msikiti. Karibu, twende sote, gari lina nafasi."

Maneno hayo sisi huyasema kama tunavyopumua. Mtu akikukuta wala chakula, karibu. Akikukuta wasafiri, twende sote. Naye anayekaribishwa ana kazi yake, ambayo ni kushukuru na kukataa, ndiyo maana hakuna aliyewahi kubebwa mpaka Tanga kwa adabu tu. Lakini sauti ile ilisema, "Ahsante. Nitakuja." Fadhiya alicheka, akaendelea kukuna. Sasa alimpigia Mahira simu, na Mahira akamwambia mwezi huo wote alikuwa Malindi, bintiye amejifungua.

Asubuhi mtu na mumewe walikwenda Feri kwa Bi Nyevu, mama wa Kidigo anayeuza ubani na mizizi kwenye kibanda karibu na foleni ya kuvukia. Ni mganga ambaye hata wanaomsema vibaya hutuma watu kwake kimyakimya. Aliwasikiliza mpaka mwisho huku watu wenye vikapu wakipita mbio kuwahi pantoni.

"Angekuwa amevamia, ningemtoa kwa moshi," alisema. "Huyu umemkaribisha. Moshi wangu atauona ni ukarimu wenu."

"Sasa tufanyeje, mama?" Zein aliuliza.

"Mke wako amnyime alichompa. Amwambie sikutaki, basi. Asimwombe radhi, asimtafutie sababu." Akamgeukia Fadhiya. "Nyinyi wa Kibokoni kusema hapana hamuwezi. Mtu akiwaomba jicho mtamwambia apitie kesho. Yule hushika neno kama lilivyotoka kinywani, ukilipamba atashika na pambo."

"Na tukienda naye?"

"Nyumba itakayompokea kwa moyo mweupe, hatoki tena humo."

Akilini Fadhiya akamwona mamake akipapasa ukuta kwenda kufungua mlango, kwa sababu tu amesikia sauti ya upole. Aliogopa kuliko alivyoogopa pale alipodhani mumewe ana mke wa pili, na njia nzima ya kurudi alilirudia lile neno moja mdomoni.

Alasiri hiyo Zein alisimama chini ya ngazi na msahafu kifuani. Fadhiya akapanda. Kila alipokanyaga harufu ilizidi uzito, asumini kwanza, kisha rihani, kisha ile ya chini, na alipofika juu aliona pazia la mlango limevutwa ingawa mwenyewe alilifunga pembeni asubuhi, na nyuma yake kitanda kilikuwa kikilia taratibu kama mtu anayejitikisa, na mtu huyo alikuwa akiimba kwa puani wimbo wa kubembelezea watoto ambao Fadhiya hakuwahi kumsikia yeyote akiuimba ila mamake, na jua la dirishani lililopiga pazia kwa ndani halikuonyesha kivuli cha mtu wala cha kitu.

"Mimi niko tayari," sauti ilisema. "Twaondoka lini?"

Ilikuwa sauti nzuri, ya mwanamke ambaye angekusaidia kubeba karai la nguo. Fadhiya akafungua mdomo. Lakini yeye ni mtu aliyefinywa utotoni kila alipomwacha mgeni amesimama, na hofu, badala ya kuukaza ulimi wake, iliulegeza.

"Safari imevunjika, dada," akajisikia akisema. "Gari limeharibika. Sisi hatuendi tena. Utuwie radhi."

Kitanda kikanyamaza.

"Poleni," sauti ilijibu. "Basi nyinyi pumzikeni."

Pazia lilipepea mara moja, na harufu ikakatika papo hapo.

"Umemwambia?" Zein aliuliza kutoka chini.

"Nimemwambia."

"Kama ulivyofunzwa?"

"Ameondoka, Zein. Wataka nini tena?"

Zein alimtazama kwa shaka, lakini chumba kilikuwa chumba, na kitanda hakikuwa na bonde. Wakafagia, wakachoma udi, Zein akapiga chafya zake, na kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze wakacheka pamoja. Wakakubaliana watoke Ijumaa baada ya sala.

Kesho yake Fadhiya alikuwa akikunja nguo za safari mamake alipopiga simu. Bi Mwanakhamis alikuwa amechangamka.

"Mwanangu, ahsante sana. Na poleni na gari."

"Gari gani, mama?"

"Si limeharibika? Mgeni wako kanieleza yote. Kasema nyie hamji tena, ndiyo kaona aje yeye. Maskini, kafika miguu imelowa. Mpole huyo, halafu ananukia kama bibi harusi."

Fadhiya alikaa sakafuni. "Mama, nisikilize. Mtoe. Mwambie atoke sasa hivi."

"Nani kakulea wewe?" Bi Mwanakhamis alishusha sauti kwa aibu. "Yupo hapa ubavuni mwangu, anakusikia. Nishamwambia hapa ni kwake, akae mpaka achoke. Miaka yote hii niko peke yangu, hata wa kuniambia jua limetua sina. Kama una neno, mwambie mwenyewe."

Simu ikahama mkono. Fadhiya alisikia pumzi, nzito, yenye maji ndani yake.

"Sikutaki," alisema, na safari hii ulimi haukumlegea. "Sikutaki. Sikutaki."

"Nimesikia," sauti ilijibu kwa upole uleule. "Lakini hii si nyumba yako, dada."

Kisha simu ikarudi kwa Bi Mwanakhamis, naye akauliza kama Mombasa kumenyesha.