Jumapili ya Kuingia Mtoni

Walijuana kwenye foleni ya duka la nyama, mwisho wa mwezi, siku ambayo mji mzima unakuwa madukani. Puseletso alikuwa ametoka kazini na ovaroli yake ya bluu. Kijana aliyekuwa nyuma yake, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, akanusa kidogo.

“Ausi, dada yangu, unanukia bwawa la kuogelea.”

“Shukuru ni klorini, abuti. Ungenikuta kabla sijaoga, ungesikia harufu ya mji mzima.”

Kijana huyo, Tshediso, alicheka mpaka zamu yake ikampita. Tangu hapo simu hazikukoma. Alitaka kujua yote kuhusu kazi yake kwenye mtambo wa majitaka: jinsi majitaka yanavyosukumwa na pampu hadi mabwawani, yanavyotulia huko vijidudu vikaula uchafu, yanavyotiwa klorini na kurudishwa mtoni bila madhara. Puseletso hakuwahi kutongozwa kwa maswali ya aina hiyo. Akanasa mzimamzima.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Kwa kina Tshediso, watu wa kanisa la kanzu nyeupe na mishipi ya kijani, wajomba hawapeleki posa ya kijana ambaye hajabatizwa mtoni. Ubatizo ukapangwa Jumapili, posa Jumamosi itakayofuata. Mama yake Puseletso alishachagua kondoo wa kuwachinjia wageni.

Alhamisi umeme ulikatika, na uliporudi uliiunguza pampu. Majitaka yakafurika kutoka shimo la pampu, yakashuka mtoni, juu kidogo ya pale wanapobatizia. Puseletso hakukaa wala hakulala. Kila akiwapigia wakubwa zake aliambiwa fundi yuko njiani, na Jumapili alfajiri fundi alikuwa bado yuko njiani. Akinyamaza, ataposwa. Akisema, posa hiyo huenda asiione tena. Akampigia Tshediso.

“Usiingie majini leo, mpenzi.”

“Umeanza lini kuwaogopa wajomba zangu?”

“Siwaogopi. Pampu imekufa, maji ni machafu.”

“Mama alisema utatafuta sababu. Kama hunitaki, Puse, sema hunitaki. Usiusingizie mto.”

Akakata. Puseletso akakimbia na gambuti zake hadi mtoni, akawakuta waumini, ngoma zinalia, kina mama wamebeba wachanga mgongoni. Akasimama kati yao na maji, akawaeleza wazi kwamba kilichomo mle kimetoka vyooni mwao wenyewe, na kitawaua watoto kwa kuhara. Mchungaji akanyamazisha ngoma. Mama yake Tshediso akamtazama kuanzia gambuti hadi kitambaa cha kichwa.

“Msichana anayezuia posa yake kwa mdomo wake mwenyewe,” akasema, “huyu ndiye wa kwanza kumwona.”

Wakarudi makwao. Tshediso alipita bila kumwangalia, na simu yake ikawa kimya. Pampu ilitengenezwa, lakini Puseletso hakutulia. Kila siku alichota maji ya mto akayapima, akatazama simu, akayapima tena. Iliumiza, na hakuwa na wa kumlaumu. Vipimo vilipotoka safi mara kadhaa mfululizo, alipeleka habari kwa mchungaji, si kwa Tshediso.

Jumapili iliyofuata kanisa zima lilifika ukingoni, na hakuna aliyeingia. Bado waliyaogopa maji, na hofu hiyo alikuwa ameipanda yeye mwenyewe. Basi Puseletso, Mkatoliki aliyebatizwa kwa matone matatu na asiyejua kuogelea, akavua viatu, akaingia na gauni lake la pekee la kutokea. Baridi ya Julai ikampanda hadi kifuani. Akageuka.

“Tshediso. Njoo.”

Tshediso akashuka na kanzu yake, polepole, mpaka wakatazamana.

“Nimekukosea, Puse.”

“Tutagombana nchi kavu. Meno yananigongana.”

“Nikitoka humu nitanuka nini?”

“Mto,” akamwambia, na machozi yakamtoka. “Mto tu.”

Ukingoni, mama yake Tshediso aliwageukia wajomba, akawauliza kama suti zao zimeshafuliwa, maana Jumamosi si mbali.