Ndege ya Ndululu

*Migwani. Jumamosi, Agosti 1979. Saa kumi jioni.*

Mbuvi alifunga mlango wa chumba cha nyuma ya bucha, akatia komeo, kisha akalivuta kuona kama limeshika. Ndivyo alivyokuwa. Hakuamini hata mlango alioufunga mwenyewe.

"Ketini."

Walikuwa wanne. Mbuvi, mkubwa wao, mtu wa miaka arobaini mwenye sauti ndogo. Faki, rubani kutoka Mombasa, aliyenyang'anywa leseni kwa kurusha ndege amelewa. Kisilu, dereva. Na Syombua, mwanamke pekee, aliyeingia gengeni miezi sita nyuma, baada ya kaka yake Mutie kupigwa risasi. Mutie ndiye aliyekuwa dereva kabla ya Kisilu.

Mbuvi alimwaga njiti za kibiriti mezani, akazipanga mistari miwili.

"Hiki ni kiwanja cha ndege. Maili nne kutoka Mutomo. Mkoloni alikifyeka mwaka wa arobaini na nne, wakati wa nzige. Ndege za dawa zilikuwa zinatua hapo kila siku. Nzige wakaisha, wazungu wakaenda. Sasa mbuzi ndio wanaokula majani hapo. Kimebaki banda moja la mabati."

"Na ndani ya banda?" Kisilu aliuliza.

"Ndege. Ya mwaka wa thelathini na saba. Mabawa ya juu na mabawa ya chini, mbao na kitambaa. Viti viwili, havina paa, kimoja mbele ya kingine. Mzungu mwenye ndege alimwachia fundi wake alipoondoka. Huyo fundi anaitwa Ndululu. Miaka kumi na tano anaipangusa."

"Nani anataka kitu kikuukuu hivyo?"

"Mtu wa ng'ambo. Anasema zimebaki chache duniani. Meli inangoja Mombasa."

Faki alikohoa. "Mie nimeiona. Nilikwenda mwezi jana, nikajifanya mpiga picha wa gazeti. Mzee akanipa chai. Injini safi, wallahi. Huiwasha kila Jumamosi. Itaruka."

Mpango ulikuwa mfupi. Kesho Jumapili, saa nne, watu wote wako kanisani, na Ndululu ni mzee wa kanisa, hukaa benchi la kwanza. Kuna kufuli moja tu. Faki ataruka na Mbuvi, wavuke mto Athi, watue kwenye shamba la katani lililoachwa upande wa Kibwezi. Hapo lori linangoja. Kisilu na Syombua watafuata kwa pikapu na vifaa vya kufungulia mabawa.

"Mnapita njia ya Ikutha," Mbuvi alisema. Aliweka kidole mezani. "Daraja la Athi mnavuka saa sita. Si kabla, si baada."

Syombua aliinua macho. Akayashusha haraka. Kisilu aliona, na hakupenda alichoona.

"Kwa nini saa sita?" Kisilu aliuliza.

"Kwa sababu nimesema."

Mbuvi alitoa bastola kiunoni, akailaza juu ya njiti zake.

"Kazi mbili za mwisho, karao walitungoja. Lori la kahawa kule Machakos, Mutie akafa. Kule mjini Wote, watu wanne wakaingia jela. Kuna mtu ana mdomo mrefu. Hakuna kutoka hapa mpaka asubuhi. Hata choo mnaenda wawili wawili."

Walitazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutazama pembeni.

*Kitui. Jumapili, saa mbili na nusu asubuhi.*

Walisimama kutia petroli. Mbuvi alichomoa ufunguo wa gari, akaenda nao dukani kununua sigara, akamchukua na Faki. Syombua alishuka nyuma ya pikapu, akaja mpaka dirisha la dereva. Alijifanya anakung'uta vumbi kwenye leso yake.

"Kisilu, nisikilize, usinitazame. Usiku kabla Mutie hajafa, alinieleza kazi yake. Aliambiwa apite kona ya Machakos saa kumi na moja. Alicheka akasema, Mbuvi anaongea kama mwalimu: si kabla, si baada."

Kisilu alihisi jasho likimshuka mgongoni, na jua lilikuwa bado halijawa kali.

"Unasema nini?"

"Nasema daraja lina polisi. Anawapa watu wawili, wao wanamwachia njia. Machakos yeye alipita salama. Mjini Wote pia alipita salama. Hujawahi kujiuliza?"

Alikuwa amejiuliza. Alikuwa amejiuliza mara nyingi, na kila mara aliogopa kumaliza hilo swali.

"Labda amekutuma unijaribu," alisema. "Uone kama nitakimbia."

"Labda," Syombua alisema. "Fikiria unavyotaka." Akapanda nyuma.

Mbuvi alirudi na sigara. Alisimama kidogo mbele ya gari, akamtazama Kisilu kupitia kioo, kisha akamtazama Syombua.

"Mlikuwa mnaongea."

"Ameniambia niendeshe polepole," Kisilu alisema. "Anaumia mgongo huko nyuma."

Mbuvi alimpa ufunguo. Lakini aliushikilia sekunde moja zaidi kabla ya kuuachia.

*Kiwanjani. Saa nne na dakika ishirini.*

Banda halikuwa na kufuli. Mlango ulikuwa wazi nusu.

Ndani, juu ya pipa tupu, alikaa mzee aliyevaa suti ya kanisani, Biblia magotini, mguu mmoja umevimba na kufungwa kitambaa. Nyuma yake ilisimama ndege. Kisilu alitarajia kuona kikorokoro. Ilikuwa ya rangi ya fedha, na mbao za propela ziling'aa kama meza mpya.

"Gauti," mzee alisema, kama mtu anayeomba radhi. "Sikuweza kutembea mpaka kanisani." Kisha akaona bastola. Akamwona Faki. "Wewe ni yule wa gazeti."

Faki alitazama chini.

"Mfungeni," Mbuvi alisema.

Kisilu alimfunga Ndululu mikono kwa kamba, si kwa kukaza sana. Waliisukuma ndege nje mpaka kwenye nyasi kavu. Faki aliingia kiti cha nyuma, cha rubani. Kisilu akaambiwa azungushe propela. Alizungusha, akazungusha tena. Injini ilipiga chafya ikanyamaza. Mara ya tano propela ilirudi kinyume ikamkosa kiwiko kwa inchi.

"Utakatwa mkono!" Ndululu alipiga kelele kutoka mlangoni. "Petroli haijapanda. Nifungueni."

Mbuvi alimwelekezea bastola. "Ili ufanye nini?"

"Mnataka iwake au mnataka kuivunja?"

Wakamfungua. Alikuja akichechemea, akafunua kifuniko, akabonyeza kitu kidogo mpaka petroli ikadondoka. Alimwambia Faki afunge swichi, akazungusha propela taratibu mara nne, akasema afungue. Mzunguko mmoja. Injini ikanguruma, nyasi zikalala.

"Mzee, kwa nini unatusaidia?" Kisilu alimwuliza sikioni.

"Sijawasaidia nyinyi," Ndululu alisema. Macho yake yalikuwa na maji. "Mngeiua."

Mbuvi alipanda kiti cha mbele. Hapo ndipo alipoona tatizo ambalo njiti za kibiriti hazikumwonyesha. Angempa Faki kisogo njia nzima.

"Mikanda!" Ndululu alipaza sauti. "Fungeni mikanda yote minne!"

"Nikifunga sitaweza kugeuka," Mbuvi alisema, akaisukuma mikanda pembeni.

Syombua alikanyaga bawa la chini, akamwinamia Faki, mdomo kwenye sikio.

"Pita juu ya daraja. Tazama chini. Ukiona polisi, jua sisi tumeuzwa. Na wewe utauzwa lori likishapakia."

Mbuvi aligeuka. "Unamwambia nini?"

"Namwambia aende salama."

Aliwatazama wote wawili kwa zamu. Upepo wa propela ulikuwa unampiga usoni na hakupepesa macho.

"Daraja," alimwambia Syombua. "Saa sita."

Syombua alishuka. Ndege ilitembea, ikarukaruka, ikaacha ardhi. Mzee Ndululu alivua kofia yake. Tangu yule mzungu aondoke, hakuwahi kuiona hewani.

*Saa tano na dakika ishirini na tano.*

Hawakwenda darajani. Kisilu alikaa kwenye usukani, mlango wazi, ufunguo mahali pake. Kama Syombua alisema kweli, barabara ya Ikutha ilikuwa kaburi. Kama alidanganya, Mbuvi angewatafuta mmoja mmoja.

"Ukiniambia uongo, Syombua..."

"Sikuambii kitu tena. Ngoja."

Ndululu ndiye aliyesikia kwanza. "Inarudi," alisema.

Ilikuja kutoka kusini, juu sana, ndogo kama panzi. Ilipokaribia, Kisilu aliona kitu hakiko sawa. Mtu wa kiti cha mbele hakuwa ameketi. Alikuwa amepiga magoti juu ya kiti, ametazama nyuma, mkono mmoja ameshika chuma cha bawa, mwingine umenyooka mbele ya uso wa rubani.

"Amemshikia bastola," Syombua alisema.

"Hawezi kupiga," Kisilu alisema. "Akimpiga, nani atatua?"

Wote walielewa kilichobaki. Juu, Faki alikuwa na uhai. Magurudumu yakigusa chini, uhai huo umekwisha.

Ndege ilizunguka kiwanja. Ikazunguka tena. Haikushuka. Mbuvi alionekana akipiga kelele, mdomo wazi, sauti yote ikimezwa na injini. Mara ya tatu pua ya ndege iliinama, ikachukua mwendo, ikainuka.

"Aiee," Ndululu alisema polepole. "Yule hajafunga mkanda."

Bawa moja likapanda juu. Likaendelea kupanda. Ndege ikalala ubavu, kisha ikageuka tumbo juu, magurudumu yakatazama jua. Injini ikakohoa na kunyamaza. Katika ukimya huo walisikia risasi moja, ndogo, kama ukuni unaovunjika.

Kisha mtu akaanguka.

Alianguka kwa muda mrefu kuliko Kisilu alivyodhani mtu anaweza kuanguka. Miguu yake ilikuwa ikitembea. Alipotea nyuma ya miti ya miiba, upande wa magharibi, na sauti ilifika baadaye.

Syombua hakufunika macho.

Ndege ilijigeuza, ikashuka bila injini, upepo tu ukipiga miluzi kwenye nyaya zake. Iligonga chini, ikaruka, ikagonga tena, ikasimama imepinda hatua chache kutoka bandani.

Faki alikuwa amekaa bado ameshika usukani kwa mkono mmoja. Shati lote la bega la kushoto lilikuwa damu.

"Wapo," alimwambia Syombua. "Magari mawili, wameyaficha chini ya miti, kando ya daraja. Nikamwuliza kwa mrija wa kusemea ule unaounganisha viti, wale wanamngoja nani? Nikageuza ndege kurudi huku. Akageuka na bastola." Alimtazama mzee. "Nimeua mtu, mzee."

"Nimeona. Shuka, unapoteza damu."

"Nimeitoboa ndege yako."

"Shuka kwanza, mwanangu."

Kutoka upande wa kanisa watu walikuwa wanakuja, wengine wakikimbia, nguo nyeupe kati ya vichaka. Na mbali, barabara ya Ikutha, vumbi lilikuwa limeanza kusimama. Polisi walikuwa wameiona ndege ikigeuka juu ya daraja.

"Twende!" Kisilu alimvuta Faki.

"Nendeni. Mie mkono huu haushiki kitu." Alikuwa tayari amelala kwenye nyasi, na Ndululu akichana kitambaa cha mguu wake mwenyewe kumfunga bega.

*Saa tano na dakika hamsini.*

Kisilu aliendesha kupita porini, kuelekea magharibi ili azunguke soko la Mutomo. Baada ya nusu maili Syombua alishika mkono wake.

"Simama."

"Wazimu?"

"Ameangukia hapa. Nataka kumwona."

"Amekufa, Syombua! Mtu haanguki hivyo akapona."

"Kaka yangu nilimtambua kwa viatu. Huyu nataka kumwona uso." Alifungua mlango gari likiwa bado linakwenda. "Dakika tano."

Aliingia kwenye miiba, hakugeuka.

Kisilu alizima injini. Alihesabu dakika kwenye saa yake. Moja. Mbili. Ndege wa porini walinyamaza wakaanza tena. Tatu. Mlio wa Land Rover ulisikika kiwanjani, kisha sauti za watu, kisha mlio wa pili ukielekea huku. Nne.

Angeweza kupiga honi. Angeweza kushuka na kumwita. Mkono wake ulikuwa juu ya honi, nao haukubonyeza. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na aliogopa.

Kabla ya dakika ya tano aliwasha gari akaondoka.

*Ikanga. Saa saba na robo.*

Kizuizi kilikuwa mapipa mawili na ubao wa misumari. Askari watatu. Kisilu alipunguza mwendo, akasimama, akaweka mikono juu ya usukani bila kuambiwa.

Koplo alichungulia ndani. Alitazama kiti cha abiria, akachungulia nyuma, akainua turubai.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Nani?"

"Usinichezee. Tuliambiwa tangu jana. Pikapu nyeupe, watu wawili, mwanamume na mwanamke."

Tangu jana. Kisilu alifumba macho. Wakati ule Mbuvi akipanga njiti zake na kutafuta mdomo mrefu chumbani, maneno yalikuwa yameshafika. Syombua alikuwa amesema kweli, neno kwa neno, na yeye alikuwa amemwacha kwenye miiba na askari wakija.

Koplo aliokota leso kwenye kiti. "Na hii?"

"Ya mama."

"Nakuuliza mara ya mwisho. Uko na nani?"

"Niko peke yangu," Kisilu alisema.

Walimpiga siku nne, na alisema hivyo hivyo. Mahakamani Kitui alisema hivyo hivyo, Faki akiwa kando yake na mkono umeninginia. Miaka saba jela, kila afisa mpya aliyefungua faili lile na kumwita, alimjibu hivyo hivyo.

Syombua hakupatikana.