Kanyamaza, Hajatulia

Asubuhi mshonaji mmoja na mama mkwe wake walinawa mikono kwa sabuni, kisha wakasogea wodini kwenye kitanda cha kichanga cha mshonaji. Mtoto huyo alizaliwa bila tundu la haja kubwa. Jana yake madaktari walimpasua, wakamfungulia njia ya choo tumboni.

"Tazama mjukuu wangu alivyotulia," bibi alisema. "Mama yake akichomwa na sindano ya cherehani, mtaa mzima unajua!"

Mshonaji hakucheka. Paji la uso la mtoto lilikuwa limejikunja kama kitambaa kilichovutwa na uzi. Ngumi kazikaza. Pumzi zilikwenda mbio.

Nesi alipita. "Huyu anaendeleaje?"

"Ametulia," bibi alijibu.

Nesi akageukia kitanda cha jirani, ambako mtoto mwingine alikuwa akilia kwa nguvu.

"Nesi, rudi tafadhali," mshonaji aliita. "Kanyamaza, lakini hajatulia."

"Usitutie aibu, mkwe wangu," bibi alinong'ona. "Kichanga ajue nini maumivu? Watampa dawa ya kumlaza, asiamke tena!"

"Nisamehe, mama. Kwa hili sinyamazi."

Nesi aliinama, akamtazama mtoto vizuri.

"Umeona sawa, dada. Nami nilipaswa kutazama, siyo kuuliza tu. Anaumia. Vichanga huumia kama sisi. Wengine hulia, wengine huishiwa hata nguvu ya kulia. Hapo uso, ngumi na pumzi ndivyo vinavyosema."

"Na hiyo dawa?" bibi aliuliza, akimkazia macho.

"Hofu yako ina maana, bibi. Zipo dawa kali zinazoweza kupunguza pumzi. Ndiyo maana tunampimia kwa uzito wake na kumchunga anavyopumua. Ya dukani msimpe hata tone. Lakini maumivu yakiachwa, hapumui vizuri na kupona kunachelewa."

Nesi alishauriana na daktari, akampa mtoto dawa. Akamwonyesha mshonaji kuweka kiganja kimoja kichwani pa mtoto na kingine miguuni, bila kumpapasa. Taratibu paji likanyooka. Vidole vikafunguka kimoja kimoja.

Siku daktari aliporuhusu anyonye, mtoto alipiga kelele hadi wodi nzima ikageuka.

"Nesi!" bibi aliita. "Njoo umtazame kwanza, mimi sisemi kitu."

Nesi alimtazama, akacheka. "Hiyo ni njaa, bibi."

"Haya, mkwe wangu, mnyonyeshe! Unangoja nini?"