Fundo la Ndama kwenye Bomba la Taa

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Vumilia alikuwa na kazi ya kumfunga ndama. Mama alipokuwa akikamua, ndama alifungwa kwenye kigingi, hatua chache kutoka kwa ng'ombe. Mama akimaliza, Vumilia alivuta mkia wa kamba mara moja tu. Fundo lilifunguka lenyewe, na ndama akakimbilia maziwa yaliyobaki. Huko Kharumwa, watoto wa wafugaji hulijua fundo hilo kabla ya kujua kusoma. Wala hawaliangalii. Vidole vinajua njia.

Jumamosi ile mama alisema, "Haya, mwachie." Vumilia akavuta. Kamba ikadondoka, ndama akaruka.

Vumilia akabaki ameinama, kamba mkononi.

"Wee Vumi, umeona nyoka?" mama akauliza.

"Hapana, mama."

Afadhali angekuwa ameona nyoka. Alichokiona kichwani mwake ni bomba la chuma lililoning'inia juu ya jukwaa la shule, na kamba yake ilivyofungwa ukutani. Alikuwa ameifunga yeye mwenyewe, juzi Alhamisi. Sasa alijua aliifunga kwa fundo gani.

Dada yake, Asteria, alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, Dar es Salaam, akisomea ubunifu wa jukwaa na ufundi wa maonyesho. Majirani hawakuielewa kozi hiyo. Wengine waliuliza kama ni kucheza ngoma. Baba yao, Mzee Ngassa, alikuwa akisema mbele ya wageni, "Miaka mitatu anasomea kugonga misumari! Fundi Onesmo hapa hajamaliza hata la saba, na misumari anagonga."

Asteria alicheka tu, lakini Vumilia alijua maneno yale yalimuuma. Sasa alikuwa amerudi nyumbani kwa mafunzo ya vitendo. Alitakiwa kutengeneza jukwaa la mchezo wa shule, na mhadhiri wake angekuja kuutazama na kumpa alama. Mchezo ulihusu watoto walioingia kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wa dhahabu lililoachwa. Asteria alilijenga shimo hilo kwa maboksi na vitambaa vyeusi. Mawe aliyatengeneza kwa magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa muhogo, akayapaka rangi mpaka mchimbaji mmoja akainama kuokota moja, akalikuta jepesi, akaangua kicheko. Taa alizitia ndani ya makopo makubwa ya maziwa, akazifunga nne kwenye bomba la chuma ambalo wanaume wawili walilibeba kwa shida.

Siku ya Jumatano aliwaita wasaidizi wake wote awafundishe fundo la kufungia bomba lile. Vumilia, naye msaidizi, alikuwa nyuma ya pazia akijaribu kofia ya mchimbaji. Alhamisi bomba likavutwa juu. Kamba ilipita kwenye gurudumu la kapi lililofungwa darini, ikashuka hadi kwenye ndoano ya ukutani.

"Vumilia, funga!" Asteria alipaza sauti kutoka juu ya ngazi.

Akafunga. Vidole vilifanya vilivyozoea.

"Ni fundo nililowafundisha?"

"Ndiyo, dada."

"Ngoja nishuke niliangalie. Aliyefunga hajikagui mwenyewe. Ndiyo sheria yetu."

Wakati huohuo Mwalimu Mkuu Eustace akaita kutoka mlangoni kwamba fundi wa umeme amefika. Vumilia akasema, "Nenda tu, dada. Nimelikaza vizuri, usihangaike." Na Asteria akaenda.

Jumamosi hiyo, siku ya mchezo, Vumilia hakunywa chai. Alikimbia mpaka shuleni, akidhani atalifungua fundo na kulifunga upya kabla mtu hajamwona. Alipoishika kamba, akaihisi imekaza kama waya. Uzito wote wa bomba ulikuwa pale mkononi mwake. Akilegeza, chuma kitashuka, na yeye peke yake hawezi kukizuia. Akaiachia polepole, kama anayeachia mkia wa mnyama mkali.

Akamtafuta Asteria, akaambiwa amekwenda kuchukua mavazi. Alimkuta baada ya adhuhuri, amepiga magoti, sindano mkononi, akishona suruali ya Donatus, mvulana aliyeigiza mchimbaji.

"Dada, nataka kukuambia kitu."

"Mm. Baadaye, mdogo wangu."

"Muache dada, bwana," Donatus akasema. "Suruali ikinivuka mbele ya wazazi, mchezo utageuka kichekesho."

Vumilia angeweza kusema hapohapo. Lakini gari likaingia uwanjani, na akashuka mwanamke wa makamo mwenye miwani na daftari. Ndiye Dokta Ritha, mhadhiri mwenyewe. Asteria akatupa sindano, akakimbia kumpokea. Vumilia akamwona baba naye anaingia na Onesmo, wakakaa mstari wa mbele. Ikamjia picha ya dada yake amefeli, na baba akisema, "Si niliwaambia?" Akageuka, akarudi jukwaani.

Madirisha yalizibwa kwa vitambaa vyeusi. Saa nane mchana, ndani ya bwalo kukawa giza kama usiku. Mchezo ukaanza.

Kazi ya Vumilia ilikuwa kukaa pembeni ya jukwaa, karibu na ndoano. Alijiambia kwamba kamba haitafunguka bila kuvutwa, na yeye yupo hapo, hakuna atakayeigusa. Lakini kwenye ndoano ya pili, shibiri moja tu kutoka ile ya kwanza, ilikuwepo kamba ya kiroba. Katika sehemu ya pili Donatus angekuja gizani, aivute kamba hiyo kwa nguvu zake zote, na kiroba cha mawe kiinuke kutoka shimoni. Jana, kwenye mazoezi, alikuja akipapasa ukutani. Vumilia alikumbuka hilo sasa, akazidi kuisogelea ndoano.

Sehemu ya pili ikaanza, taa zikafifia. Watoto wa darasa la pili wakaingia wakiimba, wadogo, kumi na mmoja, wameshikana mikono. Wakasimama pale walipofundishwa kusimama, chini kabisa ya bomba.

Vumilia aliwahesabu mara mbili. Akasikia hatua za Donatus, kisha viganja vyake vikipapasa ukuta.

"Siyo hiyo!" akamnong'oneza.

"Niachie, zamu yangu!" Donatus akanong'ona, mkono tayari umeshika mkia wa kamba ya bomba.

Vumilia akamrukia, akamkamata kifundo cha mkono kwa mikono yote miwili. Asteria aliwaambia siku ya kwanza kwamba liko neno moja ambalo hata aliye mdogo kuliko wote anaruhusiwa kulipigia kelele jukwaani, na likisikika kila kitu kinasimama.

"Simama!" akapiga kelele. "Simama! Simama!"

Taa za bwalo zikawaka. Wazazi wakaangua kicheko, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Asteria akaja mbio.

"Watoe watoto kwanza!" Vumilia alikuwa akilia. "Kamba ya bomba nimeifunga kwa fundo la ndama. Jumatano sikuwepo ulipofundisha. Nilikudanganya, dada. Nilikudanganya!"

Kicheko kikakatika. Watoto wale kumi na mmoja wakaondolewa, wakiwa bado wameshikana mikono. Onesmo na Mzee Ngassa wakapanda jukwaani, wakaikamata kamba juu ya ndoano, miguu wameikita. Dokta Ritha akaja, akainama kulitazama fundo.

"Mmeshika kweli?" akawauliza.

"Tumeshika, mama."

Akauvuta mkia wa kamba kwa vidole viwili. Fundo likafunguka. Wanaume wale wakayumba, bomba likashuka kiasi cha mkono mzima, makopo yakagongana juu, ndipo wakalizuia. Kwenye mabenchi, mama mmoja akamvuta mwanawe mapajani, akamkumbatia.

Wakalirudisha juu, na Asteria akafunga upya. Alipomaliza, Dokta Ritha akalikagua fundo. Ndipo watoto wakarudi, na mchezo ukaanza upya tangu mwanzo. Donatus alipovuta kiroba, watu walishangilia mpaka nje wakasikia.

Baadaye, vitambaa vilipoondolewa na mwanga kuingia, Dokta Ritha aliwaita dada wawili wale. Mzee Ngassa naye akasogea bila kuitwa.

"Asteria," alisema mhadhiri, "jukwaa lako ni zuri, na hutafeli. Lakini kwenye usalama nitakukata alama, na unajua sababu."

"Ndiyo, Dokta. Niliondoka bila kukagua. Kosa la mwanzo ni langu."

"Ni la kwangu," Vumilia akasema.

"Mnagombea kosa? Liko la kuwatosha wote wawili."

Mzee Ngassa akakohoa. Viganja vyake vilikuwa vimechubuliwa na kamba. "Dokta, mimi siku zote nilidhani huko chuoni mnawafundisha kuchekesha watu."

"Hilo nalo lipo, mzee wangu. Ila kwanza tunawafundisha kutowaua."

Mzee Ngassa akamshika Asteria bega. "Basi soma, mwanangu," akasema. "Soma umalize."

Dokta Ritha akamgeukia Vumilia, ambaye macho yake yalikuwa bado mekundu. "Wewe uliogopa nini?"

"Niliogopa dada afeli. Halafu nikaogopa watoto wafe."

"Sasa sikiliza. Woga wa kuaibika ulikuambia unyamaze. Woga wa kuumiza mtu ulikuambia useme. Utakutana na woga wa aina zote mbili maishani, mara nyingi kwa wakati mmoja, na wa kwanza una sauti kubwa kuliko wa pili. Ulichelewa, mtoto. Ulitakiwa kusema Alhamisi, ulitakiwa kusema leo asubuhi. Usijisifu. Lakini ulipobaki na nafasi ya mwisho, uliusikiliza ule wa pili mbele ya kijiji kizima, na watoto kumi na mmoja wanarudi kwao jioni hii kula. Kesho usingoje nafasi ya mwisho. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, wakati kosa bado linafungulika bila kumwangukia mtu."