Vunjajungu Wawili Katika Chupa Moja

Haya alinisimulia mwanangu Domina, Jumapili iliyopita, alipokuja kwangu Mvumi kuchukua viazi. Alikuwa bado hajapoa. Alikuwa akisimulia huku anasugua masizi ya sufuria yangu, na hakuna aliyemwomba aisugue.

Domina anauza vyungu sokoni Kilosa. Kila asubuhi yeye na binti yake Lightness, mwenye miaka kumi na mmoja, huvipanga kwenye baraza ya kibanda chake pale sokoni: vikubwa nyuma, vidogo mbele, mitungi ya maji pembeni. Kisha Lightness huenda shule. Akirudi hula, huosha vyombo, na tangu mwezi uliopita, huwinda nzi.

Ndiyo, nzi. Lightness alikuwa anafuga vunjajungu, yule mdudu wa kijani anayekunja mikono kama anasali. Sisi wa zamani tuliambiwa kwamba ukimgusa, chombo cha kwanza utakachoshika kitavunjika. Sasa fikiria mtu ambaye mali yake yote ni ya udongo! Domina akamwambia binti yake, "Mdudu wako akae dirishani kwako. Barazani kwangu asifike."

Mwanzoni Lightness alimpa ugali. Mdudu akautazama tu. Akampa dagaa, akampa wali. Ashrafu, mtoto wa jirani anayesoma naye darasa moja, alicheka hadi akakaa chini.

"We Lightness, huyo hali kitu kilichokufa! Anataka kinachotembea. Tena kiwe kidogo, kisimzidi yeye."

Ashrafu naye alikuwa na vunjajungu wake, mdogo kuliko wa Lightness. Ndiye aliyemfundisha kazi. Kata chupa ya maji ya plastiki, funika mdomo kwa kipande cha chandarua chakavu ili hewa ipite. Simamisha kijiti ndani, mdudu apate pa kuning'inia kichwa chini siku ya kujivua ngozi. Weka ndizi iliyoiva sana uani, nzi wadogo watakuja wenyewe, uwanase. Dondosha tone la maji kwenye jani, anywe.

"Na kila mmoja awe na chupa yake," alisema Ashrafu. "Hawa wanakulana."

Ijumaa Ashrafu alikwenda na mama yake harusini Mikumi. Akamwachia Lightness chupa yake.

"Huyu nimemlea wiki tano. Amejivua ngozi mara mbili. Mwangalie vizuri."

"Kwani mimi mtoto mdogo?" akajibu Lightness.

Jumamosi alasiri nzi walikuwa wachache, na wasichana wenzake walikuwa wanamwita wakacheze rede. Alinasa nzi watatu tu. Kuwagawa katika chupa mbili akaona ni usumbufu. Akamtia yule mdogo kwenye chupa ya yule mkubwa, akawamwagia nzi. "Kuleni pamoja, kama watu wa nyumba moja," akasema, akakimbilia mchezoni.

Aliporudi, alimkuta vunjajungu mmoja akijisafisha mikono. Wake. Chini ya kijiti palikuwa na mguu mmoja mwembamba kama uzi.

Jumapili jioni Ashrafu akaja mbio. "Yuko wapi?"

"Mama amemtupa," alisema Lightness. "Chungu kilivunjika sokoni, akasema ni mkosi wa wadudu wetu. Si unamjua mama?"

"Na wako?"

"Wangu nilimficha."

Ashrafu alichukua chupa yake tupu akaondoka.

Jumatatu alipita barazani kwa Domina bila kusalimia. Domina akadhani hakumwona. Jumanne akapita tena, uso ameugeuzia barabarani. Jumatano Domina alishindwa kuvumilia.

"Ashrafu! Siku hizi mimi ni kisiki?"

"Shikamoo," alisema mtoto, macho chini.

"Marahaba. Nimekukosea nini mwenzangu, hata shikamoo ikanikimbia?"

"Mama Lightness, si ungeniambia tu nije kumchukua mdudu wangu? Kwa nini umtupe?"

"Nimtupe nani?"

Ashrafu akaeleza. Domina alikuwa ameshika chungu. Alikiweka chini polepole sana, maana hasira na udongo havikai pamoja. Akamwomba muuzaji wa kibanda cha pili amwangalizie biashara, akaenda nyumbani.

"Lightness! Njoo hapa. Mimi nimevunja chungu gani?"

"Mama..."

"Kipi? Chenye mfuniko au kisicho na mfuniko?"

"Mama, mimi..."

"Siku tatu mtoto wa watu hanisalimii! Mimi hapa najiuliza nimemkosea nini mama yake!"

Lightness akalia, akasema yote: nzi watatu, rede, na ule mguu.

"Chukua chupa," alisema mama yake. "Twende. Na utasema mwenyewe."

Kwa kina Ashrafu, Lightness alisema mwenyewe. Ashrafu alisikiliza akiwa ameuelekea ukuta.

"Ungeniambia siku ileile ningekasirika," alisema hatimaye. "Lakini nisingemnunia mama yako."

"Mchukue huyu wangu."

"Simtaki. Ndiye aliyemla wangu." Akageuka kidogo kuitazama chupa. "Ameshakula leo?"

"Bado."

"Lete hapa. Utamkondesha bure."

"Nitakuletea nzi kila siku."

"Wakiwa hai!"

Kisha Ashrafu akamgeukia Domina. "Shikamoo. Hiyo ya Jumatatu. Shikamoo. Hiyo ya Jumanne."

Domina akaitikia zote mbili, "Marahaba, marahaba," akijizuia kucheka.

Njiani kurudi alimwambia binti yake, "Mdudu kumla mwenzake ni maumbile yake, hana kosa. Wewe uliambiwa, ukaona uvivu. Hilo ni kosa, lakini lingeishia kwa mdudu mmoja. Uongo wako ndio uliotoka ndani ya chupa. Ukaja kunivunjia heshima mimi, ukataka kumla hata rafiki yako. Siku nyingine ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo."

"Ndiyo, mama."

Usiku huo Lightness aliweka ndizi uani kwa ajili ya nzi wa kesho, akalala mapema. Domina alikaa kitandani akinung'unika peke yake kuhusu watoto na ndimi zao, sauti ikipungua, ikipungua, mpaka naye usingizi ukamchukua.