Nafasi ya Imrane Mkiani

Baiskeli ya Imrane ilikuwa imefungwa kwa kufuli nyumbani, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Djabir. Kwa hiyo kengele yake haikuwa na ruhusa ya kulia nyuma ya msafara, kwenye barabara ya Wani, mchana kweupe baada ya sala ya Ijumaa.

Lakini ililia. Ilikuwa kengele yenye mlio wa kukwaruza, kama mtu anayekohoa kabla ya kusema, na Mutsamudu nzima haikuwa na nyingine. Djabir aligeuka. Aliyekuwa mwisho ni Djaffar, kuli wa bandarini, ameinamia usukani akikanyaga pedali kama mwizi anayefukuzwa.

"Usinitazame mimi," Djaffar alinong'ona alipomfikia. "Tazama nyuma yangu. Mimi siwezi."

Nyuma yake barabara ilikuwa tupu.

Msafara huu wa baiskeli za kale aliuanzisha Imrane mwenyewe, kaka yake Djabir, kabla hajahamia Moroni, kisiwani Ngazija, kuuza vitambaa katika soko la Volo Volo. Kila Ijumaa wenye baiskeli walizorithi kwa babu zao walizikokota kupitia vichochoro vya mji wa kale, ambamo hata mbuzi wawili hupishana kwa adabu, hadi lango la bandari. Hapo majina yaliitwa. Mgonjwa au msafiri aliitikiwa na nduguye, "Yupo," na nafasi yake barabarani ikaachwa wazi. Jina lisiloitikiwa lilifutwa. Nafasi ya Imrane ilikuwa mkiani, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa fundi wa pancha, na tangu alipohama Djabir hakuacha kumwitikia.

Kisha wakubwa wakagombana. Wa Mutsamudu wakatangaza kuitenga Anzuani, kisiwa chao, wa Moroni wakatunisha vifua, na walioumia, kama ada, ni wale wasiokuwa hata na kiti cha kugombea. Mwaka wa tisini na tisa vijana wa Moroni waliwasaka watu wa Anzuani mtaa kwa mtaa, wakawafukuza hadi melini. Meli ilipotia nanga Mutsamudu, Bi Mariama, mama yao, alisimama gatini mpaka abiria wa mwisho akashuka. Imrane hakushuka. Ilishuka baiskeli yake ya kijani, iliyopakiwa na rafiki yake Mngazija, Moindjié. Mwenyewe, abiria walisema, alionekana mara ya mwisho akikimbilia Volo Volo kuokoa vitambaa vyake, na vibanda vilikuwa vinawaka.

Ijumaa iliyofuata, ndiyo hiyo ya kengele, jina lake liliitwa kama kawaida.

"Usimwitikie," Djaffar alikuwa amemwambia Djabir sikioni. "Mgonjwa tunajua amelala wapi. Huyu hatujui. Nafasi ya mtu asiyejulikana alipo haiitikiwi, ndugu yangu. Wapo wanaosubiri kuitwa."

"Nikinyamaza nitakuwa nimemzika."

Na Djabir akaita kwa sauti, "Yupo!"

Aliporudi nyumbani kutoka Wani, kufuli ilikuwa palepale. Matairi ya baiskeli ya kijani yalikuwa yamelowa, na ukumbi ulinuka kitambaa kilichoungua. Mama yake alikuwa anaosha sahani.

"Kaka yako amepita," alisema, uso unang'aa. "Amekula wali wote."

"Umemwona, Mama?"

"Alikaa pale penye giza, amenipa kisogo. Ana aibu, maskini. Wamemfukuza kama mbwa."

Djabir aliupapasa ufunguo mfukoni mwake. Ulikuwepo.

Tangu hapo kila magharibi sahani iliandaliwa. Djabir alikaa chumbani, mlango ameurudisha, akasikia gurudumu la nyuma likitatarika polepole ukumbini ingawa mnyororo ulikuwa umefungwa, na baada ya gurudumu mlio wa kijiko, na baada ya kijiko sauti ya mama yake ikisimulia habari za mtaa kwa furaha ambayo hakuwahi kumpa yeye, na katikati ya maneno yake sauti nyingine ikiitika "naam, Mama" kwa koo lililokauka, ile naam ya Imrane hasa, ila haikuvuta pumzi kabla wala baada, na harufu ya kuungua ikipenya chini ya mlango hadi ikamkaa kwenye mate. Aliogopa. Aliona wivu pia, na wivu ule ulimtia uchungu kuliko hofu.

Wali ulikuwa unaisha, na Bi Mariama naye alikuwa anaisha. Bangili zilimvuka kiwiko. Ndipo Djabir akamwita Mwalimu Saïndou, mtabibu wa majini. Mzee alifukiza ubani, akainusa baiskeli, akarudi nyuma.

"Hili si la kupigwa kwa kisomo peke yake," alisema. "Halikuvunja mlango, limekaribishwa. Mmetoa nafasi na jina, likavaa vyote viwili. Ijumaa jina liitwe palepale, na mtu wa damu yake ajibu: hayupo. Litaondoka." Akamgeukia Bi Mariama kwa upole. "Lisipoondoka, Bibi, litaendelea kula. Si wali linaokula. Ni wewe."

"Nimesikia," Bi Mariama alijibu.

Ijumaa Bi Mariama alitaka kwenda, na nani angemzuia? Walimshika mkono vichochoroni, baiskeli zikikokotwa mbele yake na Mwalimu Saïndou akifuata na mkeka wake, hadi lango la bandari. Djabir aliyatafuna maneno njia nzima: hayupo, hayupo. Neno dogo tu. Lakini mtu wa kwanza kulitamka ndiye angekuwa amemzika Imrane bila kaburi wala sanda, na wale wakubwa wa Moroni na wa Mutsamudu waliomuua kwa hotuba zao wasingekuja hata kwenye hitima.

Djaffar aliita majina. Mkiani watu walikuwa wameacha pengo pana kuliko desturi, na hakuna aliyelitazama.

"Imrane!"

Djabir alifumbua mdomo.

"Yupo," alisema Bi Mariama.

Hakupiga kelele. Alisema kama mwanamke anayejibu hodi nyumbani kwake.

"Mama! Hukumsikia Mwalimu?"

"Nilimsikia vizuri. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, Djabir. Wewe utapata marafiki na mke na watoto. Acha mimi niliwe na huyu."

Mwalimu Saïndou alikunja mkeka wake, akaondoka bila kuaga. Nyuma ya msafara kengele ilikohoa mara moja. Bi Mariama akageuka, akaanza kurudi mjini peke yake, akitembea ukingoni mwa kichochoro kama mtu anayempisha mwenye baiskeli.

"Taratibu, mwanangu," Djabir alimsikia akisema. "Sina mbio za kukufuata."